Mama Mwingereza wa Gahanna na bibi yetu wa Ujiji

  Najua nimepotea sana. Mara ya mwisho niliwasimulia jinsi nilivyoanguka kwenye barafu nikiwa nimebeba sufuria ya wali, na wengi mlinicheka mpaka leo mnaniuliza habari za ule wali. Leo sina kichekesho. Leo nina jambo ambalo nimelibeba tangu majira ya baridi, na nimeomba ruhusa kwa watu wawili kabla ya kuliandika. Mmoja yuko hapa Gahanna, mwingine yuko Ujiji. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanipigia simu.

Kwa wasiojua, Gahanna ni kamji kadogo kando ya Columbus, Ohio, karibu na uwanja wa ndege. Kuna mto unaitwa Big Walnut unapita katikati, na jioni watu wanatembeza mbwa wao kandokando. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi ninayemhudumia siku nne kwa wiki ana miaka 88. Huku mtu wa miaka 88 anaitwa jina lake la kwanza na mtoto wa miaka 20, na yeye mwenyewe aliniambia nimwite hivyo. Jamani, mdomo ulikataa. Namwita Mama, na yeye ameshazoea.

Ukutani kwake, kwenye ile njia ya kwenda chooni, kuna picha ya mwanamke aliyevaa gauni jeusi lililofungwa mpaka kooni, hacheki, mikono ameiweka magotini. Kila siku tulipopita pale, mimi nimemshika mkono, alikuwa anasema, "Huyo ni Mwingereza wetu." Ni mama wa babu yake. Na hadithi yake ilikuwa ni hii: alikuwa binti wa bwana mkubwa huko Uingereza, mwenye jumba na farasi, akampenda fundi maskini, wakatoroka pamoja kuja Marekani, baba yake akamfuta kwenye urithi. Hadithi tamu kabisa. Niliisikia labda mara hamsini.

Mwezi wa kumi na mbili daktari alimwambia maneno ambayo madaktari wa huku wanayasema wazi bila kuzunguka. Baada ya siku mbili akaniambia: "Nataka kujua lile jumba lilikuwa wapi. Nikifa sitaki kwenda kumuuliza yeye mwenyewe." Ndipo tukaanza.

Mimi sikujua chochote juu ya mambo haya. Nilianzia maktaba, maana maktaba za huku nyingi zina kompyuta za bure ambazo unaweza kusoma kumbukumbu za kale za Ancestry bila kulipa, na ule mtandao wa FamilySearch wa kanisa la Wamormoni ni bure hata ukiwa nyumbani kwako. Mkutubi mama mmoja akanipa somo moja ambalo nawapa na ninyi: usianze na mzee wa kale unayemtafuta. Anza na unayemjua, rudi nyuma hatua moja moja, na kila hatua iwe na karatasi.

Basi tukarudi nyuma. Marekani wanahesabu watu kila miaka kumi tangu 1790, na sensa za zamani ziko wazi, na majina ya watu wote huru wa nyumba yameandikwa tangu 1850. Isipokuwa ile ya 1890, ambayo sehemu kubwa iliharibika kwenye moto wa Washington mwaka 1921. Tukampata Mwingereza wetu Louisville, Kentucky, kwenye sensa ya 1900. Hiyo sensa iliuliza mambo ambayo sensa nyingi haziulizi. Iliuliza mwaka mtu aliofika nchini: 1863. Na iliwauliza akina mama: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi? Amejibu: tisa. Walio hai: watano.

Bibi alihesabu kwa vidole. Hao watano aliwajua wote kwa majina. Akaniagiza nilete Biblia ya ukoo kutoka kabatini, ile kubwa ambayo zamani waliandikia tarehe za kuzaliwa na kufa. Ndani mna watoto saba. Kwa hiyo kuna wawili ambao hata Biblia haikuwaandika. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Aliwataja kwa karani asiyemjua, na kwetu hakuwataja." Siku hiyo hatukuendelea.

Sensa ya 1880 wako Louisville. Ya 1870 wako hapa hapa Columbus! Mume ni fundi wa mitambo ya reli. Bibi hakujua kabisa kwamba ukoo wake uliwahi kupita mji huu kabla yake. Na kabla ya hapo? Jimbo la New York lilikuwa na sensa yake lenyewe mwaka 1865, na huko tukawakuta Buffalo, mtu na mkewe, yeye ana miaka 21. Hata hiyo sensa iliuliza idadi ya watoto. Amezaa mmoja. Ndani ya nyumba hakuna mtoto.

Mnaijua ramani yangu ya marafiki. Buffalo yuko rafiki yangu wa Uvira, na Louisville iko familia ya Fizi tuliyojuana nayo tangu wakiwa kambini Nyarugusu. Niliwapigia simu wote wawili kuwaambia, "Kuna mama wa Kizungu amepita njia yenu miaka mia na hamsini iliyopita." Wa Buffalo akacheka: "Na sisi ndivyo tulivyo, unashuka mji mmoja, kazi ikiisha unahamia mwingine." Yule wa Louisville akaenda na watoto wake kutafuta kaburi. Ilimchukua Jumamosi mbili. Akanitumia picha kwa WhatsApp: jiwe kubwa la mume lina jina, tarehe na kazi. Pembeni kuna kijiwe kidogo cha mke, kimeandikwa neno moja tu. Mama. Basi. Hakuna jina.

Sasa ikabaki Uingereza. Na hapa nikiri kosa langu. Biblia ilisema alizaliwa mwaka 1844, Preston, mji wa kaskazini katika jimbo la Lancashire. Lakini sisi tulikuwa tunatafuta jumba. Nikampata msichana mwenye jina lile lile, rika lile lile, katika mji mwingine, baba yake mwanasheria mwenye watumishi watatu. Nilifurahi mno! Nikamwonyesha bibi, na yeye akafurahi, wiki tatu tukaishi na yule mwanasheria kama ndugu yetu. Halafu usiku mmoja nikiwa nimetoka kazini nikamwona yule msichana kwenye sensa ya Uingereza ya 1871, ameolewa na yuko kwao Uingereza. Wakati huo mama yetu alikuwa Columbus ana watoto. Sio yeye. Nilikaa kwenye gari nikitafuta namna ya kwenda kumwambia mgonjwa kwamba nimempa jumba la watu wengine.

Nikamwambia. Akasema, "Basi twende Preston kama Biblia ilivyosema."

Uingereza walianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837. Siku hizi orodha ya vizazi ya ofisi yao kuu iko kwenye intaneti, na pembeni ya jina la mtoto huwa wanaweka jina la ukoo wa mama yake kabla hajaolewa. Wasichana wenye jina letu Preston, miaka ile, walikuwa wanne. Watatu wana jina la ukoo wa mama. Wa nne ana kistari tu. Mkutubi aliponiona nimekitazama kile kistari akaniambia taratibu: hiyo kwa kawaida ina maana mama hakuwa ameolewa.

Tukalipa paundi chache, nakala ya cheti ikaja kwa kompyuta. Tarehe ni ile ile ya kwenye Biblia. Jina la mtoto. Jina la mama, na jina la ukoo ni la mama huyo huyo. Nafasi ya baba ni tupu. Kazi ya baba, tupu. Na mahali mwenye kuandikisha anapotia sahihi, yule mama ametia alama ya msalaba, maana hakujua kuandika.

Sensa ya 1851 wako nyumba moja na babu na bibi. Ya 1861 msichana ana miaka 17, yeye na mama yake wote wanafanya kazi kiwanda cha pamba, yeye ni mfumaji wa mashine. Pengine alianza mapema zaidi, kwa sababu sheria ya 1844, mwaka ule ule aliozaliwa, iliruhusu mtoto wa miaka minane kufanya kazi kiwandani saa sita na nusu kwa siku.

Hakuna jumba, hakuna farasi. Na mwaka 1863 si mwaka wa mapenzi ya kutoroka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861, pamba ya majimbo ya kusini ikazuiwa baharini, na viwanda vya Lancashire vikasimama. Waingereza wanaita njaa ya pamba. Preston ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia, watu wakapanga foleni za supu na mkate wa msaada. Alikuja huku kwa sababu hakukuwa na kazi, kama mimi, kama wewe uliyeko Muscat, kama yule aliyeko Minnesota.

Nilimsomea bibi yote asubuhi moja, taratibu. Aliposikia nafasi ya baba ni tupu alifumba macho. Nikadhani nimemuumiza. Baadaye akasema, "Kwa hiyo lile jumba alilijenga yeye mwenyewe." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Watoto watano hai, nchi ya watu, na hana baba wa kumtaja. Na mimi ningejenga jumba." Akaniomba niitoe picha kule kwenye njia ya chooni niiweke chumbani, anapoweza kuiona akiwa amelala.

Halafu akanigeukia: "Na wewe? Mama wa bibi yako alikuwa nani?"

Hapo sasa ndugu zangu. Ninyi mnaijua hadithi yetu. Wote tumekua nayo. Mama yake bibi alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwanamke muungwana, amekuja Ujiji na msafara wa wajomba zake wenye mali, akaolewa kwa harusi ya siku saba. Nikaanza kumsimulia yule bibi wa watu, na katikati nikasikia sauti yangu. Harusi ya siku saba. Wajomba wenye mali. Nikajisikia kama nasimulia lile jumba la Uingereza.

Usiku huo saa nne za huku nikampigia mama. Kwenu ilikuwa imeshafika saa kumi na mbili asubuhi, ametoka kuswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi, kuna usalama?"

Nikamwambia kuna usalama, nikamweleza habari za Mwingereza, kile kistari, nafasi tupu. Mama alisikiliza bila kunikatiza, na ninyi mnamjua mama, hilo si kawaida yake. Mwisho nikamuuliza: mama, Bagamoyo ni kweli?

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mambo hayo unayatakia nini?" Na akakata simu kwa kusema chai inachemka.

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapiga yeye. Akaniambia, "Kaa chini." Bibi alimwambia mwaka ule alipougua, na akamwapisha asiseme wakati yeye yuko hai. Mama yake bibi hakutoka Bagamoyo. Alivushwa ziwa akiwa mtoto mdogo, kutoka ng'ambo, Manyema, wakati wa vita vya Wabelgiji na kina Rumaliza, yaani miaka ile ya 1892 mpaka 1894. Alivushwa peke yake, na Ujiji akabadilishwa kwa nguo. Doti kadhaa za merikani. Bibi hakujua ni doti ngapi, na mama yake hakupenda kuulizwa.

Merikani! Nilishika kichwa. Vijana mnaosoma hamuijui, waulizeni wazee. Ni kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichotwa hivyo kwa sababu kililetwa na merikebu za Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanafika Unguja tangu miaka ya 1820, na mwaka 1833 Seyyid Said akafanya nao mkataba. Kitambaa kikapanda na misafara mpaka Tabora, mpaka Ujiji. Kilikuwa ndiyo fedha. Shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane, na kwa doti ulinunua chakula, ulilipa hongo ya njia, ulinunua pembe, ulinunua mtu. Vita vya Marekani vilipokata pamba, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi sokoni, lakini jina la merikani lilibaki.

Na pamba yenyewe nani aliilima? Watumwa wa kusini mwa Marekani. Kentucky hii hii, watu walikuwa wakinunuliwa Louisville na kushushwa kwa mto kupelekwa kwenye mashamba ya pamba. Kwa hiyo mtumwa huku analima pamba, msichana asiye na baba anaifuma Preston akiwa mtoto, na nguo ya aina ile ile inamnunua mtoto mwingine kando ya ziwa letu. Sisemi kwamba uzi aliofuma mama yule ndio uliomnunua mama yetu, miaka haikutani. Nasema tu kwamba nilikuwa nimekaa jikoni kwa watu nikidhani nasaidia ukoo wa mbali.

Katika kusoma nilikutana pia na mama mwingine wa Kiingereza, huyu alifika kwetu kabisa. Anaitwa Annie Hore, mke wa nahodha wa misheni ya London. Mwaka 1884 alitoka pwani na mtoto wake mdogo Jack, yeye akiwa kwenye kiti kinachobebwa na wapagazi, wakafika Ujiji mwanzoni mwa 1885, kisha wakakaa kisiwa cha Kavala. Aliandika kitabu cha safari ile, kilitoka 1886. Mtoto wake alifariki akiwa bado mdogo, na nimemsikitikia kweli. Lakini nilijiuliza juu ya wale waliombeba. Mtoto wa mama yule tunalijua jina lake mpaka leo, mimi na wewe. Wenye mabega hatuwajui.

Na sisi hatuna pa kwenda kutafuta. Ujiji ya wakati ule haikuwa na sensa ya kumwuliza mama amezaa wangapi. Wale mapadri wa White Fathers walifika Ujiji 1879 na wana vitabu vya ubatizo, lakini sisi ni Waislamu, hatumo. Utumwa Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, bibi alikuwa tayari amezaliwa! Kumbukumbu yetu yote iko kwenye vichwa vya wazee wachache, na mmoja wao alikuwa amefunga mdomo kwa kiapo.

Nilimuuliza mama swali la sensa ya 1900. Mama yake bibi alizaa wangapi? Akajibu hapo hapo: sita, walikua wawili. Nikamuuliza jina. Akasema jina tunalolijua sote lilikuwa la kupewa na bwana wake. Lakini alipokuwa anamsuka nywele bibi alikuwa anamwambia jina ambalo mama yake mzazi alimwita, kule ng'ambo, kabla ya mtumbwi. Bibi akalishika. Akampa mama. Na asubuhi ile mama akanipa mimi, kwenye simu, mara mbili, ili nisikosee.

Jina hilo silitaji hapa. Ninyi mnaohusika mnajijua. Nendeni Ujiji, mkamsalimie mama, mkae naye, muulizeni mwenyewe. Atawaambia. Sasa amekubali.

Najua mjomba hatafurahi. Ameshaniambia kwamba nimevua watu nguo hadharani, na kwamba kuna mabinti wetu hawajaolewa. Mjomba, nakuheshimu, na nimelala na maneno yako wiki nzima. Lakini yule mtoto hakufanya kosa lolote. Waliotenda kosa ni wengine. Yeye alivushwa ziwa peke yake, akakua, akazaa, akamsuka binti yake nywele na akamwachia jina. Kama hilo ni la kuficha, basi sijui tuonyeshe nini. Nilimuuliza mama mara ya mwisho kabla ya kuandika. Akasema, "Andika. Ila andika kwa adabu." Nimejitahidi.

Bibi wa Gahanna bado yupo. Amedhoofika, lakini akili yake ni nzima. Wanawe wameagiza jiwe jipya kwa ajili ya Louisville, lenye jina lote la mama yule, na chini yake watoto tisa. Wale wawili wasio na majina wameandikiwa tarehe tu za kukisia. Rafiki yangu wa Fizi ameahidi kwenda kulipiga picha likishawekwa. Jana bibi alinitaka nimfundishe kutamka lile jina letu. Alilikosea mara tatu, ya nne akalipata.

Ombi langu ni moja. Mwenye mzazi au bibi aliye hai, aende na simu yake, arekodi. Aanze na jina la mama, la bibi, la mama wa bibi. Aulize amezaa wangapi na walio hai ni wangapi, na awaandike hata waliokufa wachanga. Andikeni na nyuma ya picha. Na mkiambiwa chai inachemka, msikate tamaa, subirini siku ya nne.

Nawasalimu sana. Kuleni migebuka kwa niaba yangu. Tuonane panapo majaliwa.